Chekechea ya Chiriku

S.L.P. 218,
Nyumbani.
Jumapili, 16 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Kipusa,

Pokea salamu za dada yako anayekuandikia huku miguu yake imo kwenye beseni la maji ya chumvi. U hali gani? Mgongo je? Na zile zamu za wodini, wamekupunguzia au ndiyo kwanza wameongeza? Sisi hatujambo. Mama macho yanamsumbua lakini ulimi mzima, anatusema sote kutwa. Mwanao Chiriku anakula, anakua, anauliza maswali mpaka naomba poo.

Mimi nimechoka, mwenzangu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mpya. Msimu wa sare umeniangukia, sketi na kaptura zimejaa chumba mpaka kitandani, na kila mzazi anataka zake kesho. Nimeamua kuandika kwa sababu tukiongea kwenye simu mtoto huwa ubavuni mwangu, na ana masikio huyo!

Ni hili suala la chekechea. Uliniambia nimpeleke shule ya geti jekundu, ile ya watoto kuvaa tai. Nilikwenda mwezi uliopita, nimempaka mafuta, anang'aa. Mwalimu mkuu akasema lazima wampime kwanza. Makubwa! Hata mimi napima watoto kila siku, lakini mabega na kiuno. Akamwonyesha picha, hii nini, na hii nini. Chiriku wetu, ambaye nyumbani hanyamazi hata chakula kikiwa mdomoni, hakutoa neno. Walimkubali hivyo hivyo, maana nafasi zipo. Wanataka jibu kesho Jumatatu.

Sasa nikwambie siri ya kazi yangu. Miaka sita nashona na kutia viraka sare za shule za mtaa huu, na kila shule naijua kwa nguo zake. Za geti jekundu magoti hayana hata mkwaruzo, lakini kola zimetafunwa, nyuzi nje. Za ile shule ndogo nyuma ya mashine ya kusaga zinakuja magoti yamechanika, vifungo havipo, mifukoni mna vijiwe na vizibo vya chupa, ila kola nzima. Basi nikajipiga kifua mbele ya Mama, kwamba geti jekundu wanawatisha watoto, ndiyo maana wanakula nguo. Nikasema Chiriku atasoma kule mashineni, na Kipusa akinuna anune.

Jumanne nikawa nafua. Nikashika lile gauni la njano la Chiriku, kola imetafunwa mpaka imetoboka. Na hajasoma shule yoyote! Nilinywea. Nikajikalia kizingitini na povu mikononi. Nikamwita, nikamuuliza kwa upole, mama, mbona unakula nguo? Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Nikimngoja mama apige simu."

Kumbe miaka sita nimewasengenya walimu wa watu bure.

Alhamisi nikarudi geti jekundu. Safari hii sikuingia, nilisimama nje na mkoba wangu kuanzia saa kumi. Walimu hawana neno, mmoja alikuwa akiwasimulia hadithi na sauti anazigeuza vizuri kweli. Lakini wazazi wengi wanatoka kazini saa kumi na mbili, na watoto wamepangana kwenye benchi la ukutani wanatazama geti. Kila likilia, vichwa vyote juu. Nilihesabu kola tatu midomoni, nikashindwa kuendelea. Kule mashineni wanafunga saa sita mchana. Benchi hakuna, na mzazi akichelewa mwalimu anamsema mbele za watu.

Ona sasa mtihani wangu. Geti jekundu lingenifaa mimi, ningeshona bila kunyanyuka mpaka jioni. Kule kwingine kunanitaka niache cherehani kila siku kazi ikiwa imepamba moto. Nimeligeuza jambo hili mpaka kichwa kinaniuma. Basi nimepiga moyo konde. Juzi Ijumaa nimezirudishia shule mbili vitambaa vyao, zitafute fundi mwingine, nami nikaenda kumwandikisha mashineni. Ukikasirika, kasirika. Ila mtoto akitoka darasani atanikuta mlangoni.

Wewe sina lawama nawe. Zamu hupangi wewe, na najua unavyojifungia chooni kulia ukishakata simu, mwenyewe uliniambia. Naomba kitu kimoja tu, na nakiomba kwa magoti. Usimwambie utapiga Jumapili kama huna hakika na hiyo Jumapili. Mwambie utapiga ukipata nafasi. Atanung'unika, kisha atakwenda kucheza.

Mama anakusalimu, anasema vaa nguo nzito na uache ubishi. Shangazi anakusalimu, na binamu yako fundi baiskeli anauliza kama huko kuna baiskeli. Mola akutangulie uendapo, akupe wakubwa wa kazi wenye huruma, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nifunge hapa, maji ya beseni yameshapoa. Leo ulimwahidi saa nne, na sasa ni saa tisa. Amekaa karibu na simu, amevaa viatu vyake vya kutokea. Nimemwambia avivue, hataki. Anasema ukipiga, huenda ukamwambia aje.

Ni mimi nikupendaye, hata ukininunia,
Dada yako,
Fundi.