Baba, Harusi Uliyoikana Nimeiona

Kwako Baba, huko Naivasha,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua, na sehemu yake nimeitengeneza mimi.

Unakumbuka siku uliyotuhama? Nilikuwa darasa la sita. Ulibeba redio, godoro jipya na ile faili ya kahawia yenye karatasi zote za nyumbani. Mama akakuonyesha kanda za video kwenye kabati ya vyombo, akauliza kama huzitaki. Ukasema, "Hizo zimeshakufa. Tupa." Deki yetu ya kuzichezea ilikuwa imeharibika kitambo. Mama hakuzitupa. Alizifunga kwa leso, akahama nazo kila nyumba tuliyopanga, mpaka hapa kwangu Kiamunyi alipofia.

Sitakudanganya kwamba sina kizuri cha kukumbuka. Ulinifundisha baiskeli kule Bahati kwa Shosho, mama yako, ukikimbia nyuma yangu na viatu vyako vya kazi, umeshika kiti. "Usiangalie nyuma, niko hapa," ulikuwa ukisema. Niliamini kabisa. Labda ndiyo sababu hasira yangu imechukua miaka mingi kuiva.

Mama alipofariki mwaka jana, Baba Mkubwa, kaka yako, alikuja dukani kwako kukuomba azikwe Bahati, kando ya Shosho. Mimi nilikuwa naye, lakini nilibaki ndani ya gari, kioo kiko chini. Hukuniona. Nilikusikia ukimwambia mbele ya wateja, "Yule tuliishi tu. Hatukuoana. Kama kuna cheti, nionyesheni."

Cheti, Baba. Uliondoka nacho kwenye faili ya kahawia. Mchungaji aliyewafungisha ndoa alikuwa ameshakufa. Tukamzika Mama kwenye makaburi ya mji. Kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi, pale watu huandika "mke wa", tuliruka mstari. Wamama wa kanisa waliusoma huo mstari mtupu kuliko mistari yote.

Wiki mbili baadaye, nikipanga vitu vyake, nikafungua ile leso. Kanda tano. Kwenye moja Mama alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: *Siku yetu*.

Nilizipeleka mjini kwa Bwana Harish, yule wa studio ya picha, zihamishiwe kwenye DVD. Amezeeka, lakini bado ana deki mbili zinazofanya kazi. Alifungua kanda akainusa. "Hii imeota ukungu, mama. Nikiiweka hivi kwa deki, itakatika." Akaiondoa kwenye ganda lake, akaipangusa taratibu kwa pamba, akaiviringisha ndani ya ganda jingine. Alinieleza kwamba kazi hii haina njia ya mkato: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kuhamishwa. Nikamwambia nitakaa.

Basi nikakaa kwenye stuli, nikakuangalia ukioa.

Ulikuwa mwembamba, koti limekuzidi mabega. Mchungaji alipoanza kukuuliza kama unamkubali Mama, ulijibu "Ndiyo!" kabla hajamaliza swali. Kanisa zima likacheka. Mchungaji akasema, "Ngoja kwanza, kijana." Mama alificha uso kwenye maua. Sijawahi kumwona Mama akicheka hivyo, na niliishi naye miaka yote. Kisha ukatia sahihi, na akatia sahihi, na sauti nyuma ya kamera ikasema, "Bwana harusi, geuka huku."

Bwana Harish akashtuka. "Aah, hiyo ni mimi!"

Halafu Shosho akasimama na maikrofoni. Alimshika Mama mkono akasema, "Huyu si mgeni. Ni mtoto wangu. Nikienda, na yeye akija baadaye, mumlaze karibu na mimi." Na wewe, Baba, uko kando yake, unaitikia kwa kichwa. Unapiga makofi.

Hapo ndipo nililia. Nilipomaliza, nikamwomba Bwana Harish nakala tatu.

Moja nilimpa Baba Mkubwa. Ya pili nikaja nayo Naivasha, kanisani kwenu, Jumapili ya matangazo ya harusi yako mpya. Ulikuwa umekaa mbele na suti ya kijivu. Mchungaji alisoma jina lako, akasema hujawahi kuoa, akauliza kama kuna mtu ana kizuizi. Ulisikia kiti kikisogea nyuma. Uligeuka. Nataka ujue kwamba ule uso wako nimeuhifadhi vizuri kuliko kanda yoyote.

Nilisema tu, "Mimi ni binti yake wa kwanza, wa ndoa. Harusi ya wazazi wangu iko hapa." Nikamkabidhi mchungaji DVD.

Ungeweza kusema umefiwa na mke, Baba. Hakuna ambaye angekuzuia. Kilichohitajika ni utamke jina la Mama mbele ya watu, na hilo likakushinda.

Yule mama uliyetaka kumwoa alinipigia Jumanne. Sina ubaya naye. Alisema polepole, "Aliniambia nyinyi ni watoto wa marehemu dada yake."

Baba, wewe huna dada.

Nasikia harusi imefutwa, na wazee wa kanisa wamekutoa kwenye kamati. Nasikia kule Bahati Baba Mkubwa aliwaita watu wa ukoo, akawasha televisheni, na hakuna aliyekutetea. Watu wananiambia nitajuta. Bado nasubiri. Kila asubuhi najiangalia ndani, nakuta nimefurahi.

Sasa umemtuma Baba Mkubwa aniombe nakala yako. Anasema hutaki kuiona ile harusi, unataka tu kusikia sauti ya mama yako, maana huna kingine cha Shosho kinachoongea. Nimeuliza ukoo mzima: ni kweli, hakuna mwingine aliyemrekodi. Baba Mkubwa nimemwomba asikupe yake, amekubali.

Ya tatu iko kwangu. Sitaituma. Ukitaka kumsikia, uje Kiamunyi mchana, watu wakiwepo. Nitawaita wadogo zangu, na wale wamama wa kanisa waliosoma mstari mtupu. Utakaa sebuleni katikati yetu, rimoti nitashika mimi, na tutaangalia kutoka mwanzo, saa tatu zote. Sitaruka mahali. Na ikifika pale Shosho anamwita Mama mtoto wake, nitasimamisha picha, nikuulize ulimlaza wapi. Utajibu kwa sauti ya kusikika.

Usipokuja, kaa huko ujaribu kukumbuka sauti yake.

Ni mimi,
Binti wa mke wako