Sauti Yako Mtaani Usiitike

Mtaa wa Usiitike,
Chake Chake, Pemba.
9 Novemba 2025

Mpendwa Kaka Thuwein,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati u mzima, pamoja na wifi Nihal. Sisi miili ni mizima, alhamdulillahi, ila roho yangu haijatulia.

Nyumba uliyotujengea ni nzuri. Gombani si mbali, maji yanatoka, na kila wiki kuna mtu anapandisha matofali. Mtaa wenyewe ni kimya mno. Husikii mtu akiita mwenzake.

Jina la mtaa nililicheka, mpaka jirani yetu Mzee Shaame aliponieleza. Baada ya alasiri kuna kitu huita watu kwa sauti za jamaa zao, lakini salamu hakiwezi kuitoa. Ndiyo maana hapa anayeita bila salamu haitikiwi, hata awe mzazi wako. Waliowahi kuitika walitoka kwenda kutazama ni nani, wakawa hawakurudi.

Nikasema mzee uzee umemzidi. Lakini Kaka, wiki ya tatu sasa, kila alasiri sauti yako inaita uani, "Mama!" Nimeisikia kwa masikio yangu. Nikichungulia dirishani naona kamba ya nguo tu.

Mama ada ya mtaa anaijua. Ila anakukumbuka wewe ulivyokuwa, unatoka skuli, mkoba kule, "Mama!", salamu hakuna. Ulichapwa na hukukoma. Ijumaa ulipompigia simu ukamwamkia kwa adabu, alinirudishia simu akasema:

"Yuno si mwanangu. Mwanangu hajui kusalimu. Yuko uani."

Tangu siku hiyo, ikisaliwa alasiri tu, anavaa buibui na kukaa kwenye mlango wa uani. Ufunguo nauficha kifuani. Jana sauti ilipoita, nilimwona midomo ikimchezacheza, nikamziba kwa kiganja. Mama yangu mzazi, Kaka! Nililia.

Simu haisaidii tena. Njoo mwenyewe, akushike mkono. Pita mlango wa mbele, na utoe salamu. Usipoitoa sikufungulii, hata nikikuona uso.

Msalimie sana wifi, na Haitham mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mwenyezi Mungu akufikishe salama kabla Mama hajaitika.

Mdogo wako akupendaye,
Ruweida