Gari Ilipiga Kama Bunduki ku Bariyeri

Aurélie, askari kidogo tu watuue leo.

Unajua ile RAV4 yangu ya zamani, taa ya moteri inawaka kila wiki. Na makanisiye Jean-Marie, ule ananitengenezeaka gari, kila mara: «Mama Kanyere, ni sonde, kale kakitu kanapima moshi.» Alibadirisha sonde mara tatu. Tatu!

Leo nilikuwa napeleka mudogo wangu Wivine ku hospitali ya Kirotshe, iko na mimba ya miezi nane. Tunafika ku bariyeri ya askari, gari inapiga PAA!

Askari wote chini. Bunduki zote kwetu. Mimi napiga makelele: «Ni gari! Ni gari tu!»

Walitutosha mu gari, wakatulalisha mu matope. Wivine na ile tumbo yake, mu matope!

Nikawaambia ya sonde, na askari mumoja mwenye anajua magari akaingia chini ya gari. «Mama, sonde iko muzima. Bomba ya moshi njo imepasuka mbele yake.»

Nikamupigia Jean-Marie simu. Unajua alijibu nini? «Bomba niliiona tangu siku ya kwanza. Lakini kuiunga inaomba kulala chini, na mugongo inaniuma.»

Mugongo, Aurélie!

Askari walituachilia, na dokta wa Kirotshe anasema mutoto iko anacheza muzuri mu tumbo. Lakini huyo Jean-Marie asikanyage tena kwangu.