Maganda Niliyoloweka kwenye Pipa

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri.

Kijiji chetu cha Ikolo leo kimelowa mpaka rohoni. Maji yanashuka kutoka kwenye bati hadi kwenye lile pipa la chuma, nami nimekaa mlangoni nalitazama. Silipendi tena.

Niseme tu ukweli, maana Mungu anaujua tayari.

Binti yangu Atupele anasoma kemia chuoni. Utafiti wake ni wa maganda ya kakao, haya haya tunayoyaacha shambani tukishatoa mbegu. Anayapika mpaka yawe kaboni, chembe ndogo kuliko vumbi, zinaelea majini. Ukizimulika, zinang'aa.

Pasaka alikuja na vichupa viwili. Tukaenda Mbugani kwa Baba Swalehe kuazima tochi yake ya dukani ya kukagulia noti bandia. "Mama Atupele, siku hizi unachapa za kwako?" akanitania. Nyumbani tukaziba dirisha kwa kitenge, Atupele akamulika. Kichupa cha kwanza kikatoa mwanga hafifu, kama kimulimuli anayekata roho. Cha pili alikipika pamoja na urea, mbolea ile ile ya mpunga. Bluu! Bluu mpaka nikasema haleluya. Akanieleza kwamba chembe ni zile zile, ila urea imezibadilisha ngozi, na ngozi ikibadilika mwanga nao unabadilika, hata rangi. Sasa alitaka kupata kijani.

Akaniomba gunia la pili. "Yaoshe tu, Mama, uyakaushe."

La kwanza nililiosha kwa ndoo ya plastiki. La pili nilitaka liwe safi zaidi, nikaloweka siku tatu kwenye pipa. Maji ya mvua, nani kayachafua? Yametoka kwa Mungu moja kwa moja. Kutu ya pipa sikuihesabu kuwa uchafu, tumeinywa miaka yote.

Gunia lile halikuwaka.

Amepika wiki nyingi. Kaongeza urea, kapunguza, kabadilisha moto. Kila akipiga simu sauti inazidi kushuka. "Mama, mkono wangu una mkosi." Nikafunga kwa ajili yake. Nikawaomba akina mama wa kanisani wauombee mkono wa mwanangu.

Jana ndipo akaniambia amekuta chuma kwenye maganda. Chuma kidogo tu kikiishika ngozi ya zile chembe, mwanga unazimika. "Sijui kimetoka wapi, Mama. Labda nilisafisha vyombo vibaya."

Nilijua pale pale.

Nikasema, "Pole, mwanangu." Basi. Nikakata simu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumwonyesha mwalimu wake. Mchana umeingia ujumbe: hakuna mwanga, atarudia mwaka, kama watamkubalia. Kakao mitini bado changa. Hata nikitaka kutuma gunia la tatu, sina.

Nimepiga magoti. Nimwombe Mungu nini? Anirudishie zile siku tatu? Nimewachosha wenzangu kuombea mkono usio na kosa, na mwenye kosa alikuwa amekaa katikati yao akiitikia amina.

Atupele, wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni, na najua unausoma kabla ya mtu yeyote. Mkono wako mzima, mama. Ni pipa. Ni mimi.

Simu nimeiweka hapa mezani, sauti juu.

Utapiga?