Mwavuli Mlangoni

Sakai, 3 Juni 2006

Mwanangu Chizuru,

Hujambo? Mimi mzima, magoti tu yanapiga kelele kama breki mbovu. Mama yako naye mzima, kaninunia kama kawaida.

Nasikia wewe kondakta mzima unaona haya kunyoosha kidole na kutamka "Milango salama!" kabla ya kuruhusu treni, eti watoto wa shule wanakucheka. Waache wacheke, meno ni yao. Enzi zetu kondakta mmoja naye aliona haya. Treni ikaondoka na koti la rafiki yangu Kuramochi limebanwa mlangoni, yeye nje. Nikamshika mkono, nikavuta. Handaki likamchukua yeye, mimi nikabaki na mkono. Saa yake ilikuwa bado inatembea.

Ipo siku nitakuja kukupima mwenyewe, kichwa ngumu wee.

Baba yako


Osaka, 20 Juni 2006

Shikamoo Baba,

Nyumbani mnaendeleaje? Mimi si mzima.

Jana nilinyoosha kidole kama unavyotaka. Nikaona ncha ya mwavuli imechomoza mlangoni, nikafungua milango. Jamaa mmoja mwenye tai akaruka nje: "Unatuchelewesha, mshenzi we!" Akanitwanga ngumi. Meno mawili yakaangukia relini, nyusi ikapasuka. Nilipoanguka akanipiga mateke. Ndipo mzee mmoja akamdandia mgongoni, akamng'ata sikio, watu wakashindwa kumbandua. Sura yake sikuiona, damu ilinijaa machoni.

Naomba uhamisho, nikauze tiketi. Kidole sinyooshi tena.

Binti yako


Sakai, 2 Julai 2006

Mwanangu,

Pole sana. Majeraha yanaendeleaje? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta pa kuuficha uso.

Sikio la yule mwenye tai lina ladha ya mafuta ya nywele. Ndiyo, ni mimi. Na mwavuli ni wangu pia, niliuchomeka makusudi nikupime. Mama yako kajua, nalala jikoni.

Wewe uliona ncha ya mwavuli. Yule kondakta wa enzi zetu hakuona mtu mzima. Lakini ukitaka kuuza tiketi, kauze. Mdomo wa kukukataza sina tena.

Baba yako


Osaka, 15 Julai 2006

Shikamoo mzee mkorofi,

Nimecheka mpaka mshono umefumuka. Ukija kuchukua mwavuli wako, panda basi.

Ombi la uhamisho nililiandika. Jana nikanyoosha kidole kwa mara ya mwisho. Bila meno, "salama" inatoka na mluzi, watoto walikufa kwa kicheko. Mmoja aliposhuka, mlango ukabana mkanda wa mkoba wake, yeye nje, bado ananicheka.

Nikafungua. Ombi nimelichana.

Alikimbilia ngazi akinipungia mikono yote miwili.

Binti yako