Filimbi Yako Iko Kwangu

Kocha,

Kwenye mazishi walisema ulitupenda kama watoto wako. Nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa sare ya mbio, nikaangalia chini. Wewe mwenyewe hukuwahi kutuambia hivyo hata siku moja.

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu Sista Akinyi amesema kuna mambo yamekaa mwilini mwangu na lazima nitafute njia ya kuyatoa, na mengi ya hayo ni yako.

Nianze na filimbi. Siku ile baada ya maombi, mwalimu mkuu aliitoa mfukoni, ile ya chuma yenye kamba nyeusi, akanivalisha shingoni mbele ya watu wote. Akasema uliniita mkimbiaji wako bora, kwa hiyo niitunze, na kila mbio za shule zitaanzishwa nayo ili usisahaulike. Watu walilia. Mimi nilihisi misuli ya nyuma ya mguu ikijikaza pale pale kando ya kaburi, nikashika bega la Naliaka nisianguke. Walidhani ni huzuni.

Unamkumbuka Naliaka? Alikuwa akilala kitanda cha juu yangu kwenye kambi ya mazoezi kule Kaptagat. Ulimfanya apande kilima kifundo cha mguu kikiwa kimevimba, na alipoketi kando ya njia ulisimama juu yake ukapiga filimbi mpaka akainuka. "Maumivu ni ya watoto wa mjini," ukasema. Sasa hakimbii tena. Asubuhi za baridi anachechemea, na huku kwetu baridi haiishi. Wewe umepumzika, yeye bado anachechemea. Nataka ulijue hilo.

Na mimi. "Jerop, miguu ni ya swara, moyo ni wa kuku." Ulisema hivyo wakati wa chai, kambi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao ili usione. "Unakimbia kama mtu ametumwa maji." Kila alfajiri ulisimama mlangoni mwa bweni ukapiga filimbi mpaka mabati yakaitikia, na aliyechelewa kufunga kamba za viatu alipigwa fimbo za miguu. Ile miguu uliyotaka ikuletee ushindi, ndiyo uliyoipiga. Tukajifunza kulala na viatu. Hata nyumbani Kiplombe mama alikuwa ananikuta nimelala navyo, ananivua akidhani nimechoka tu.

Mbio za kwanza baada ya mazishi, mwalimu wa michezo alichukua filimbi yako shingoni mwangu, akapiga. Wenzangu waliondoka. Mimi nilibaki kwenye mstari. Miguu ilikuwa migumu kama ya meza, taya limejifunga, hata jina langu nisingeweza kulitaja. Hospitali walinipima, wakanibonyeza, wakasema mguu hauna jeraha lolote. Shuleni wakaanza kunong'ona, "Kocha amemshika." Wengine walisema kwa heshima kabisa, kama ni baraka. Nilikasirika, Kocha. Hata ukiwa chini ya udongo, mguu wangu unakuletea sifa wewe.

Ndipo mama akanipeleka kwa Sista Akinyi. Ni muuguzi, kwao ni upande wa ziwa, na Jumamosi alasiri hufungua ukumbi ulio nyuma ya kanisa lao mjini, akawasaidia watu kutuliza miili yao kwa milio na mivumo. Najua ungesema nini. Ungesema hiyo ni kazi ya watu wasio na shamba. Mimi pia nilikuwa na shaka, na yeye hakunificha: alisema hii si dawa ya kila kitu na haichukui nafasi ya daktari.

Tulilala kwenye mikeka. Alipita na bakuli kubwa la shaba, akaligonga kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, na mlio ule ulitembea sakafuni ukaingia kwa mgongo kabla ya masikio. Mama mmoja kando yangu alianza kukoroma. Mimi sikuhisi kitu ila hasira. Baadaye nilimwambia Sista kuhusu filimbi, naye akasema, "Mwili wako ulizoea kujikaza kwa mlio huo ili usiumie. Ulikusaidia. Sasa tuuonyeshe kwamba nyuma ya mlio huo hakuna mtu tena."

Akaniambia nije nayo.

Jumamosi iliyofuata niliiweka mdomoni, midomo ikakataa. Nilionja chuma, nikaitoa. Sista hakunisukuma. Aliketi karibu nami sakafuni, akasema, "Pole pole, mwanangu. Puliza kama unapoza chai."

Kocha, kumbe ukiipuliza polepole ile kokwa ya ndani, kijipira kinachoupa mlio ukali, haizunguki. Inatetemeka tu mahali pake, na filimbi inatoa sauti ndogo, ya chini, karibu kama ndege aliye ndani ya kiota. Miaka yote uliyoivaa, nadhani hukuwahi kuisikia. Hukuwa na subira hiyo.

Kisha tulifunga midomo tukavuma kama nyuki, mkono kifuani, pumzi ndefu mpaka iishe. Nikahisi mvumo wangu mwenyewe kwenye mfupa wa kifua. Mguu ukaanza kutetemeka bila mimi kuuambia, nikaogopa, Sista akasema niuache utetemeke. Ulipotulia ulikuwa na joto. Nililia, na sikukulilia wewe.

Kuna siku moja inaniharibia hasira yangu. Mvua ilitukuta barabarani, tukajikinga chini ya paa la duka lililofungwa, ukanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yako, ukaninyooshea. Chai ilikuwa na tangawizi. Uliweza, basi. Ulijua jinsi ya kufanya hivyo, na ukachagua ile njia nyingine. Hiyo ndiyo sehemu ninayoshindwa kabisa kukusamehe.

Wiki iliyopita tulikuwa na mbio za kuchagua timu ya shule. Ningebaki tena kwenye mstari, jina langu lingefutwa. Nilimpa mwalimu wa michezo filimbi, nikaenda kusimama na wengine. Nilifunga midomo nikavuma. Msichana aliyekuwa kando yangu alinitazama kama nimeshikwa na wazimu. Filimbi ikalia, kali, vile vile ulivyoipenda, na mguu ukajikaza. Nikaendelea kuvuma. Nikaona wote wameshaondoka, migongo yao inakwenda, na bado nikavuma, na mguu ukaachia.

Sikushinda. Nilianza wa mwisho na nikapita wengi, nikaingia kwenye timu kwa nafasi ya chini kabisa. Ungenitukana. Lakini nilisikia pumzi yangu njia nzima, na kwenye kona ya mikalitusi nikagundua kwamba nilikuwa nakimbia na hakuna mtu wa kunifukuza nyuma yangu.

Mwalimu ameniambia muhula huu nianzishe mbio za wasichana wadogo, kwa sababu filimbi ni yangu kuitunza. Nimekubali. Nitaipuliza kama ninapoza chai, na wao watalazimika kusogea karibu ili waisikie. Naliaka naye amekubali kuja kwa Sista Jumamosi hii. Amesema haamini, ila atakuja kulala kwenye mkeka na kukoroma. Mimi nitalala kando yake.

Sijakusamehe, na sitaki mtu aniharakishe. Kaa huko salama. Hakuna msichana atakayelala na viatu kwa ajili ya filimbi hii tena, nakuahidi hilo. Vyangu viko chini ya kitanda, kamba zimefunguliwa.

Kwaheri, Kocha.

Jerop