Jina Niliyotupa Ndani ya Wimbo

Kisangani, siku ya mardi, saa kumi na moja ya jioni. Mvua ilianza kabla sijafungua macho, na mpaka sasa haijaamua kama inaisha ao inaendelea.

Ninaandika nikisimama. Mutoto amelala mugongoni, nikikaa tu anaamuka.

Wale munaonisoma kwenye hii blogu tangu mwanzo munajua habari yangu. Papa ya mutoto wangu alienda mashariki kwa wiki mbili, kutengeneza simu katika duka ya rafiki yake. Waasi wakaingia ule muji, barabara ikafungwa nyuma yake, ndege nayo ikaacha kutua. Tangu pale mutoto ameota meno nne, na baba yake hajaona hata moja. Hapa ninamwita Papa Plamedi, na Plamedi siyo jina ya kweli ya mutoto. Muji pia siutaji. Leo mutaelewa kwa nini ninaficha.

Bon. Nianze na wimbo.

Nyuma ya nyumba tunayopanga, huku Mangobo, kuko atelie ya mjomba wa mutaa wote, tonton Gaston, fundi wa kuchomelea vyuma. Jioni akizima mashine yake, vijana watatu wanaingia na gitaa zao. Mukubwa wao ni yaya Trésor, ni kusema kaka Trésor, mwanafunzi wa chuo. Wanapiga muziki inaitwa punk. Mara ya kwanza nilidhani mashine ya tonton imeharibika. Nilienda pale na mutoto mukononi kuwagombeza, juu alikuwa ndiyo ameshika usingizi. Trésor akanielezea kwamba punk ni muziki ya watu wenye hasira, watu ambao hawana miaka kumi ya kujifunza gitaa. Nikamwambia hiyo ya kutojifunza nimeisikia tangu kwetu jikoni. Wakacheka, wakanipa kiti.

Kiisha ikakuja habari ya albamu. Dada mumoja wa Nairobi, anaitwa Achieng, alikuwa anakusanya nyimbo za punk za makundi mbalimbali: Kampala, Bujumbura, Bunia, Nairobi kwenyewe, hata kundi moja ya Wabelgiji. Kila kundi wimbo moja, zote ziwe albamu moja ya kupinga hii vita. Ikapewa jina Hatutanyamaza. Trésor akanifuata, akasema wanataka sauti ya mwanamuke, na isiwe ya kuimba vizuri.

Mimi niliimba korali ya parokia mpaka mimba iliponitoa. Hakuna aliyewahi kuniomba nisiimbe vizuri.

Maneno niliandika mwenyewe. Nilifika kalasi ya nne ya sekondari tu, makosa yalikuwa mengi, na Trésor alikataa kusahihisha hata moja. Wimbo inawauliza waasi na wakubwa wetu pia swali moja: munakula nini wakati sisi tunakimbia? Inawaita majina ambayo siwezi kusema mbele ya mama yangu. Kiisha inasema hatuogopi, hatuogopi, mara nyingi, na mimi ninapiga kelele. Tulirekodi wiki tatu zilizopita ndani ya atelie, blanketi zimetundikwa kwenye vyuma ili sauti isirudi, tonton Gaston mwenyewe anapiga pipa ya mafuta ya mawese. Nilipiga kelele mpaka mwisho wa wimbo. Tangu barabara ifungwe sikuwa nimelia, juu mutoto ananiangalia usoni kila saa. Ile siku ilitoka yote.

Niseme kweli, ilikuwa tamu.

Na ndani ya ile utamu ndipo nilifanya kosa.

Kwetu hakuna wimbo bila libanga. Munaosoma kutoka mbali, libanga ni hivi: mwimbaji akifika pale muziki inachangamuka, anataja watu. Anamutaja tajiri aliyemulipia, rafiki, mupenzi, na anaongeza kazi yake na mutaa wake, ili dunia ijue ni huyu na siyo mwingine. Tumekua nayo masikioni. Mimi ninatupa libanga hata nikiponda lituma ya ndizi, ninamutaja mutoto wangu juu ya kinu na yeye anacheka. Donc siku ile gitaa zilipokatika, tonton akabaki na pipa peke yake, mudomo wangu ukafanya kile unachojua. Nikamutaja Papa Plamedi. Jina ya kwanza, jina ya ukoo, fundi wa simu, na ule mutaa anapofanyia kazi kule. Nilimutaja kwa upole, kama ninamwita aje kula.

Kiisha nikasahau.

Hiyo ya kusahau ndiyo inanitia haya zaidi. Mutoto alianza kulia, nikamuchukua, nikarudi nyumbani na koo inayouma na moyo mwepesi, na kwa wiki tatu nilitembea Mangobo kama mutu asiye na kosa.

Leo asubuhi Trésor alifika amelowa mpaka soksi, na furaha yake yote. Wimbo imekamilika, albamu inatoka kesho saa sita ya muchana. Akanipa vya kusikilizia masikioni.

"Sikia mwisho, Mama Plamedi. Kule Nairobi wanasema mwisho yako inaua watu."

Nikasikia sauti yangu ikiwatukana waasi, nikacheka kidogo. Gitaa zikakatika. Pipa ikabaki peke yake.

Nilivuta zile nyaya masikioni kama zimeniunguza.

Kule aliko, wanasimamisha watu barabarani na kuwafungulia simu. Jirani yake, mwalimu, alichukuliwa juu ya wimbo moja tu waliyoikuta kwenye simu yake. Muke wake anapeleka chakula kila siku kwenye mulango fulani, na hakuna anayemwambia kama inamufikia. Papa Plamedi aliniambia hiyo mwenyewe, kwa maneno ya kuzunguka. Na mimi, muke wake, nimeweka jina yake na kazi yake na mutaa wake nyuma ya wimbo inayowatukana. Hata mutu asiyemujua atamupata kwa kuuliza mara moja.

Trésor hakuelewa haraka. "Mais hiyo ni libanga ya kwanza ndani ya punk, dunia muzima," akasema. "Wewe ndiye umeileta. Ndiyo unataka tuitoe?"

"Yaya, ukiiacha, utanisindikiza kutafuta maiti?"

Akakaa chini kwenye kizingiti, maji yanamutiririka shingoni. Ni kijana muzuri, ila yeye hana mutu upande ule.

Umeme haukuwako tangu jana, na kompyuta yake yenye rekodi ilikuwa imekufa. Tukakimbia kwa tonton Gaston. Alikuwa anachomelea mulango ya mutu, na muteja amesimama pale pale anasubiri. Tonton alisikiliza habari yote, akatoa miwani yake nyeusi, akachomoa mashine yake kwenye jenereta akachomeka kompyuta. Muteja akaanza kulalamika. Tonton akamwambia mulango haina papa, isubiri.

Kiisha akanigeukia. "Na wewe kwa nini hukunitaja mimi? Nimepiga pipa mpaka bega ikavimba. Gaston, fundi wa vyuma, Mangobo. Waje tu wanitafute, nitawapa mulango washikilie nikichomelea."

Nilicheka, na palepale machozi yakatoka. Tonton akajifanya anatafuta misumari.

Kumupata Achieng ndiyo ilikuwa shida. Mvua ikinyesha hivi, simu huku inakuwa jiwe. Trésor alipiga akiwa ndani, akapiga akiwa barabarani chini ya karatasi ya plastiki, akapanda hata kwenye gari bovu ya tonton. Mara ya saba ao ya nane Achieng akashika. Nikamunyang'anya Trésor simu, nikamwambia Achieng ni jina ya nani iko mwisho wa wimbo, na mahali aliko. Nilikuwa nimepanga na maneno ya kuomba, na sikuyahitaji.

"Dada, pole sana," akasema. "Jina linatoka leo hii. Nitumieni rekodi nyingine. Lakini kuna jambo lazima nikuambie."

Albamu nzima alikuwa ameshawatumia watu wawili waisikilize mapema. Mumoja ni mwanamuke anayeandika habari za muziki. Wa pili ni mutu wa redio wa Kampala, na yule alikuwa na ruhusa ya kupiga wimbo moja ao mbili kabla ya siku ya kutoka. Achieng akakata, akawapigia, akanirudia baada ya nusu saa ambayo sitaki kuikumbuka. Mwanamuke alifuta palepale. Mutu wa redio hashiki simu.

"Hiyo albamu haitoki kesho," Achieng akasema. "Haitoki mpaka huyu mtu anijibu. Nimeandikia makundi yote, nimesema tu kuna mtu usalama wake hauko sawa."

Nikamuuliza kama watu hawatakasirika, walikuwa wanangojea hii siku kwa miezi. Akasema Wabelgiji waliuliza ni nani, akawajibu hata yeye angependa kutomujua.

Trésor akajaribu kukata jina kwenye kompyuta. Haikukatika vizuri, juu nilikuwa nimelitaja ndani ya pumzi moja na kelele ya mwisho, na ukilitoa, kelele inabaki bila kichwa. Lazima nirudie. Saa nane hivi tukatundika tena blanketi. Mvua ilikuwa inapiga mabati, Trésor akasema iache, itaingia nayo. Mutoto alikuwa macho mugongoni, anavuta nywele zangu.

Ile siku ya kwanza, kusema hatuogopi ilikuwa rahisi. Leo mara mbili sauti ilikatika katikati ya neno. Nilisimama pale nikiwaza, huyu ninayemudanganya ni nani? Ninaogopa mpaka kwenye kucha. Trésor akasema kama haitoki tubadilishe maneno. Nikakataa. Mara ya tatu nikaisema hivyo hivyo, na woga ndani yake, na sijui kama ni punk ao siyo punk, lakini tonton aliendelea kupiga pipa na hakuniangalia usoni.

Na pale gitaa zinakatika, pale pa jina, nikasema tu: wewe. Wewe uliye kule.

Trésor akasema inatosha, akazima. Muteja wa mulango, ambaye alikuwa bado amesimama pale na amesahau kukasirika, akasema dada yake wa Butembo ana mume ambaye pia yuko kule.

Saa kumi, Papa Plamedi akapiga. Anapiga kwa simu ya mutu, kila mara namba nyingine, dakika mbili ao tatu. Akauliza meno. Nikamwambia ni nne na ya tano inasumbua, anauma kila kitu, ameuma hata rozari ya mama. Akacheka.

"Mbona sauti yako imekauka hivi?"

"Ni mvua," nikasema.

Tangu tuoane sijawahi kumudanganya kwa jambo kubwa. Nilitaka kumwambia yote, nimwambie afunge duka, alale kwingine siku mbili tatu. Lakini kwa simu ile, ya mutu nisiyemujua, ningesemaje? Kila neno ya kumuonya ilikuwa inaweza kumushitaki. Nikamuuliza tu kama anaweza kupumzika kazi kidogo, apumzishe macho. Akasema macho yake iko sawa. Kiisha nikasikia pikipiki zinapita kule kwake.

"Huku wananiita fundi tu," akasema. "Naweza kumaliza wiki muzima sijasikia jina yangu. Niite kidogo."

Nikamwambia: "Papa Plamedi."

"Siyo hiyo. Yangu."

Mungu wangu. Siku muzima nimehangaika kuling'oa ndani ya wimbo, na yeye ananiomba. Lilikuwa kwenye ulimi, na dakika zilikuwa zinaisha. Nikamwambia: "Ukifika. Ukifika nitakuita mpaka Mangobo muzima ikasirike."

Akacheka kidogo, laini ikakatika. Sijui alicheka ya kweli ao ya kunifariji. Sijui aliona kuna kitu. Yeye ni mutu wa kuona vitu.

Achieng ameandika sasa hivi. Kuna rafiki yake Kampala, kesho asubuhi ataenda mwenyewe mpaka pale redioni, atasimama mulangoni mpaka yule mutu afike na kufuta mbele ya macho yake. Trésor atakuwa hapa saa moja na simu yenye chaji. Tonton amesema jenereta haitachomelea kitu chochote mpaka tupate jibu. Na mimi nimeamua kwamba siku barabara itafunguka nitamwambia Papa Plamedi mwenyewe, ana kwa ana, niliyomufanyia, na atanikasirikia mbele yangu, na hiyo pia itakuwa furaha.

Mutoto ameamuka. Anatafuta simu ili aiume.

Hii sitaiweka kwenye blogu leo. Inakaa humu kwenye simu mpaka yule mutu wa redio afute. Kama unaisoma, basi alifuta.